Msusi wa Mukendo aliyemrudisha mama yake

Saa mbili asubuhi, Hyasinta Makongoro anafungua madirisha yote mawili ya kibanda chake cha kusuka, Mukendo, mjini Musoma. Mteja wa kwanza anakohoa. Hyasinta anampa barakoa, anavaa ya kwake, kisha anaanza kugawa nywele kwa kitana. Hana haraka wala wasiwasi.

Mwaka 2020 hakuwa hivi.

"Nilikuwaga na simu mkononi kutwa," anasema mama huyu wa miaka 46, mkazi wa Kigera. "Redio inataja waliokufa kwa korona huko nje, kwenye kundi la WhatsApp wanatuma sauti ya mtu analia. Nikimaliza moja nafungua nyingine. Moyo unaenda mbio."

Kazi yake ni kuinamia kichwa cha mtu saa nne nzima. Wateja watano kwa siku wakabaki mmoja. Alinawa kwa dawa ya kutolea madoa mpaka viganja vikababuka.

Mwezi wa tano mama yake, Bi Nyangi, alifika kutoka Butiama na unga wa mtama. Hyasinta hakufungua mlango. Walizungumza dirishani.

"Mama, rudi tu. Umetoka kwenye basi, sijui ulikaa na nani."

"Mimi ni wa kurudishwa na wewe?"

Bi Nyangi aliuacha unga kizingitini, akaondoka. Miezi mitatu hakupiga simu.

Baadaye zile sauti zikapungua. Redio zikarudi kwenye mpira, na barakoa za Hyasinta zikaishia kwenye droo. "Hakuna aliyeniambia ugonjwa umeisha," anasema. "Ni vile tu sikuusikia tena."

Mwaka uliofuata akaugua ugonjwa huohuo. Kwa siku kumi na moja hakuweza kufika bombani bila kupumzika njiani. Aliyemtuliza ni Flora, muuguzi wa zahanati, aliyekuja akaketi karibu naye.

"Fungua madirisha. Ukiwa karibu na mtu funika pua na mdomo. Nawa kwa sabuni," alimwambia. "Hayo ya kwenye simu achana nayo."

Alipona. Hata hivyo, chanjo ilipofika alisita, kwa sababu ya video aliyotumiwa. Ndipo mama yake akampigia.

"Nimeshachanja mimi. Mkono uliuma siku mbili, basi. Nikija utanifungulia?"

Hyasinta aliangua kilio. Kesho yake alikuwa kwenye foleni ya chanjo.

Siku hizi husikiliza taarifa ya habari mara moja tu, jioni. Akitumiwa jambo la kutisha, humuuliza Flora kabla ya kulisambaza.

Mwezi ujao anahamia chumba kikubwa zaidi, chenye nafasi ya viti vitatu vilivyoachana. Krismasi anamtarajia Bi Nyangi, na kitanda chake ameshakinunua.

"Hajasema atakaa siku ngapi," anasema. "Mimi nataka akae mpaka achoke mwenyewe."