Safari ya Bibi Kuzunguka Nyumba

Nilipokuwa mtoto, basi kutoka Mbeya lilitushusha Ipogolo, kwa bibi, mimi na baba, tumechoka na tunanuka dizeli. Nilikumbuka hayo juzi, nilipomwona nesi mmoja pale Soweto, Mbeya, akimzungusha mzee taratibu nje ya nyumba yake mwenyewe.

Bibi alikuwa ameshasahau karibu kila kitu. Alasiri moja alifunga khanga zake kwenye furushi, akasema anakwenda kwao. Baba mdogo alisimama mlangoni na kufuli.

"Tumfungie, dada. Akifika barabarani, malori yatammaliza."

Shangazi, aliyekuwa muuguzi, alipokea furushi. "Mama hafungiwi kama mbuzi. Twende, mama, nakusindikiza."

Walitokea mlango wa uani, nami nikawafuata. Tulipita kwenye moshi wa jiko na harufu ya mahindi ya kuchoma, tukazunguka nyumba polepole hadi mbele. Shangazi akapiga hodi. Baba akaitikia kutoka ndani kwa salamu ya kwao, "Karibuni, kamwene."

Bibi akavua viatu, akashusha pumzi. "Nimefika."

Baba mdogo alitia kufuli mfukoni.

Mimi niliamini tumefika nyumba nyingine, inayofanana na ile ya kwanza. Sasa najua kwamba ule ndio uuguzi wenyewe.

Siku niliyoondoka pale kwa mara ya mwisho, nilikwenda kumuaga bibi. Alinitazama kitambo, akamgeukia shangazi. "Huyu mgeni asiondoke na njaa."

Nilikuwa nimemaliza sahani nzima ya chakula muda si mrefu uliopita, mbele yake. Nilikaa, nikala tena.