Chumvi ya Samaki Aliye Hai

Watu wa Kashikishi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Mweru, wanajua kumfanya samaki kila kitu isipokuwa kumwacha. Wanamvua, wanampasua, wanamtia chumvi, wanamwanika, wanamfunga robota, anakwenda mjini Mansa akiwa mgumu kama ubao. Emilienne Mulumba aliyajua hayo yote, na chanja lake la kuanikia lilikuwa safi kuliko langu. Lakini nyumbani alikuwa na samaki mmoja ndani ya sanduku la kioo, amemfuga kama wengine wanavyofuga kuku, na hilo ndilo watu walishindwa kulimeza.

Mimi naitwa Berthe. Tulitenganishwa naye na ukuta mmoja wa udongo, kwa hiyo ninayoyasema sikuyaokota sokoni. Sote wawili tulitoka Kilwa, si ile ya pwani bali ya ng'ambo ya ziwa, kwa biashara ya samaki. Mimi nilifuata faida. Emilienne alivuka kwa hasira. Serikali ya kule ilipoamuru kila mtu aache jina la ubatizo achukue la mababu, alisema mababu zake hawajamlalamikia, akapanda boti na jina lake vilevile, kioo chake kikiwa mapajani, kimefungwa blanketi.

Kioo hicho kilitoka mbali. Alipokuwa msichana alifanya kazi za nyumba kwa daktari mmoja wa meno, Mbelgiji, huko Élisabethville. Mzungu huyo alikuwa na wazimu wa samaki wa bahari. Mji ule hauna bahari wala dalili ya bahari, lakini yeye alikoroga chumvi katika ndoo mpaka akaipata bahari yake, akaimimina ndani ya kioo, na samaki wenye rangi za vitenge wakaishi sebuleni. Kazi ya kuwatunza ilikuwa ya Emilienne. Misukosuko ya uhuru ilipokuja, mzungu alikimbia, samaki wakafa, kioo kikabaki mikononi mwa mfanyakazi.

Mwaka 1974, ndani ya kioo hicho alikuwamo mpende mmoja jike, aina ya perege ambaye sisi tunamla bila hata kumtazama usoni. Alikuwa amenaswa akiwa mdogo kama ukucha kwenye wavu wa chisense, wale dagaa wetu, na Emilienne akamwokota. Hakumpa jina. Alimlisha makombo ya bukari, ndio ugali wetu, na kwa kuwa hapakuwa na umeme wala mashine, alichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa. Samaki alimjua. Emilienne akiingia na kapu lake, yule mpende alikuja mbele ya kioo. Nikiingia mimi, alikwenda nyuma ya jiwe. Nilimchukia kidogo kwa sababu hiyo.

Kisha akaugua. Alianza kujisugua kwenye mawe kama mbuzi mwenye upele, mapezi ameyabana, anahema haraka haraka. Baadaye tukaona vidoa vyeupe mwili mzima, kama amenyunyiziwa unga wa muhogo. Nikamwambia mwenzangu kwamba mwisho umefika, huyu sasa ni mboga, tuwashe moto. Emilienne hakucheka.

"Samaki ya bahari akigonjwa, tulikuwa tunamutia mu mayi bila chumvi, kidogo tu, kisha tunamurudisha," alisema. "Ule mududu ya bahari hawezi mayi tamu. Sasa huyu ni wa ziwa. Njo maana tutamutia chumvi. Ugonjwa haipende ugeni, Berthe."

Akaweka birika motoni, akayapasha maji joto kidogo, akayeyusha chumvi katika bakuli, akaionja kwa ulimi, akaimimina polepole huku akimwangalia samaki wake anavyopumua. Alisema siku kadhaa zitapita, na kila siku atabadilisha maji na kutia chumvi nyingine, kwa sababu vidoa vinaanguka na kurudi. Ukikatiza dawa katikati, ni heri usingeanza.

Mtu wa kwingine angeuliza, shida iko wapi? Shida ni kwamba mvuvi wa gati letu hapandi mtumbwini na chumvi. Hata ile ya kula na yai la kuchemsha anaiacha nchi kavu. Chumvi ni ya samaki aliyekufa. Ukimwonyesha kabla hujamvua, umemtangazia kifo chake, naye si mjinga, atahamia maji ya Puta na wenzake wote. Na hapa palikuwa na mwanamke mgeni, tena wa ng'ambo, anamwogesha samaki aliye hai katika chumvi ndani ya nyumba.

Ennie, jirani yetu, Mbemba wa hapahapa, alikuja kuomba makaa, akaliona bakuli. Makaa hayakuwahi kuwaka jikoni kwake kabla ya habari kufika gatini. Na kama ujuavyo, penye wengi pana mengi. Juma lile chisense hawakupatikana. Mwezi ulikuwa mpevu, na chisense huvuliwa kwa taa gizani. Kila mtoto wa Kashikishi anajua hivyo. Lakini mwezi hauwezi kufukuzwa kijijini, Emilienne anaweza.

Wakasema anafuga ilomba. Ilomba ni nyoka wa wachawi, mwenye kichwa cha mtu. Humlisha bwana wake utajiri, na bwana wake humlisha roho za watu. Maisha yao yamefungwa pamoja: siku ilomba akifa, aliyemfuga naye anakufa. Nikawauliza nyoka gani ana magamba na mapezi. Wakanijibu kwamba wa Emilienne amejibadilisha. Ukibishana na watu wa namna hiyo utaishiwa mate bure.

Mwenyekiti wa machanja alikuwa Davison, shemasi, mtu mwenye sauti nzuri ya kwaya na akili ya kuazima. Alikuja kwenye chanja la Emilienne asubuhi, mbele ya wanawake wote.

"Ba mayo Emilienne," alisema, yaani mama, kwa kuwa heshima hakukosa, "ile kitu uitoe mu nyumba. Siku ya Mungu, tukitoka kanisa, tutakuja kuangalia. Kama iko, chanja yako tunapatia mutu mwingine, na wewe unarudia ng'ambo."

"Ni samaki, ba Davison."

"Kama ni samaki, umukule."

"Mugonjwa hakuliwe. Na mi simutupe mu ziwa, ataambukiza zingine. Unataka samaki yote ya Mweru igonjwe juu ya woga yako?"

Davison alitazama pembeni, akarudia siku ya Mungu, akaondoka. Tangu saa ile hakuna mwanamke gatini aliyemuuzia Emilienne chumvi. Walifunika mabeseni yao akipita. Mimi nilikuwa na kikopo, nikampa chote, kikaisha upesi. Siku iliyofuata samaki aliipitisha bila dawa, na siku iliyofuata tena. Vidoa vilivyokuwa vimeanza kuanguka vikarudi, safari hii mpaka kwenye macho.

Hapo nikamwambia neno ambalo mpaka leo naona lilikuwa na akili. Nilimwambia amwache afe. Watu wanasema ilomba akifa mwenyewe anakufa. Basi, mpende afe, wewe uonekane gatini kesho yake ukipasua samaki, na jina lako litakuwa safi kuliko sahani ya padri. Chanja litabaki lako. Hutarudi Kilwa kuulizwa jina.

Emilienne aliacha kuchota maji. "Mi nipone juu ya kufa yake?"

"Ni samaki, Emilienne."

"Na ile chanja ni miti."

Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema moyoni, nikarudi kwangu nimenuna.

Asubuhi yake nilimkuta gatini amefungua robota lake, lile lililokuwa tayari kwenda Mansa na gari la samaki. Ilikuwa kazi yake ya majuma mengi, samaki wakubwa, wamekauka vizuri, chumvi imewaganda weupe mgongoni. Alikuwa amekaa chini, kitenge kimetandazwa mbele yake, anawapangusa mmoja mmoja kwa brashi ya majani. Chumvi ilidondoka punje kwa punje. Nilimshika mkono. Nilimwambia mvua zinakaribia, samaki bila chumvi ataingiwa na funza kabla hajaona Mansa.

"Najua," alisema, akaendelea kupangusa.

Wanawake walisimama kumtazama. Wapo waliokuwa wanachanganya chumvi yao na unga wa kuua wadudu, ili mende wasiharibu mzigo. Emilienne hakuwahi, kwa hiyo ile ilikuwa chumvi pekee pale gatini ambayo angeweza kuiamini. Ennie alitaka kucheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye, hakumpata. Kuona mwanamke anaiharibu mali yake mwenyewe mchana, polepole, bila kulia, kunawafunga watu midomo. Alipomaliza alikunja kitenge, akaenda nyumbani, akaichemsha ile chumvi, akaichuja kwa kitambaa, akaonja, akamimina.

Jumapili Davison alikuja kweli. Nyuma yake alikuwa Kasonde, mvuvi mwenye mitumbwi mingi kuliko wote, na wanaume wengine ambao kazi yao ilikuwa kujaza njia. Emilienne aliweka kiti mlangoni, lakini hakuziba mlango. Alikiweka pembeni, mtu apite akitaka.

"Karibuni," alisema. "Mulango iko wazi. Mi sitamutoa. Mwenye anataka kumutoa, atie mukono yake mu mayi, amushike ye mwenyewe, amupeleke ku ziwa. Na samaki ya ziwa ikianza kugonjwa, batu bataniuliza. Mi nitasema tu ilikuwa mukono ya nani."

Davison alimtazama Kasonde. Kasonde alitazama mikono yake kana kwamba ndiyo kwanza amepewa. Wale wa nyuma walianza kurudi hatua kwa hatua, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kutangulia, ukarimu ambao sikuwahi kuuona Kashikishi. Ikiwa yule ni mchawi, nani atamgusa ilomba wake? Na ikiwa si mchawi, walifuata nini pale?

"Tunapatia wewe juma moja tena," alisema Davison.

"Mi sikuombe juma."

Walipoondoka alikaa kwenye kile kiti. Nilimuuliza angefanya nini kama mmoja angeingiza mkono. Alifikiri. "Ningemung'ata," alisema, tukacheka mpaka tukashika ukuta.

Siku mbili vidoa vilipungua. Samaki alikula kombo moja la bukari, na Emilienne akaimba siku nzima, vibaya, kama kawaida yake. Lakini zile siku za bila chumvi zilikuwa zimemla ndani, kwenye matamvua, pale anapopumulia. Siku ya tatu tulimkuta amelala ubavu juu ya maji, jicho moja linatazama dari. Emilienne alimgeuza kwa kidole mara kadhaa. Kisha akakaa chini akalia, na mimi niliyemwita yule samaki mboga nililia pia, na sitaki mtu aniulize kwa nini.

Angeweza kumzika kimyakimya nyuma ya nyumba. Alijifuta uso, akavaa kitenge chake cha kanisani, akamlaza yule mpende kwenye sinia, akatoka. Hakupita vichochoroni. Alipita katikati ya soko, pale panapouzwa muhogo, pale wanapozitia taa mafuta, mpaka gatini kwenye machanja, sinia limeinuliwa kifuani. Watu walijitenga kumpisha. Walimtazama samaki, wakamtazama yeye, wakingoja aanguke.

Alifika kwenye chanja lake, akaweka sinia juu. "Ye amekufa," alisema. "Mi niko."

Akachukua kisu akaanza kupasua samaki wa siku ile. Alipasua asubuhi yote. Wengine walikaa kumvizia, na jua lilipowaunguza wakaona wanaonekana wajinga, wakarudi kazini. Kabla ya jua kuchwa walikuwa wanamsalimia. Ennie alisema yeye alijua tangu mwanzo. Ilomba amekufa na mwenyewe yu hai anadai nafasi ya kupitisha beseni, basi hakuwa ilomba. Jambo limekwisha, sote ni ndugu.

Davison alikuja mwishoni, amebeba beseni la chumvi kwa mikono miwili, limejaa. Alitabasamu tabasamu la shemasi. "Ba mayo, tumejua sasa. Chanja ni yako. Hii ni ya kukupatia pole."

Emilienne alichovya kidole katika ile chumvi, akaionja.

"Kama alipona, mungenifukuza," alisema, bila kupandisha sauti. "Sasa amekufa, munanipenda. Kumbe mapendo yenu iko sawa chumvi yenu, ba Davison. Ni ya samaki ya kufa."

 Beseni lilikuwa zito, na hakuna aliyemsaidia Davison kulishika. Wanawake wote wa machanja walikuwa wameacha visu. Nilidhani Emilienne ataimwaga ile chumvi mchangani, na ningekuwa mimi ningeimwaga. Aliipokea, kwa sababu mwaka ule chumvi ilikuwa haba, akaifunika.

"Kesho," alimwambia, "uniletee mupende ya mudogo. Muzima. Umubebe wewe, kwa mukono yako."

Alimleta. Alipita sokoni na ndoo, mchana, kila mtu akimwona, mkono wake mmoja uko ndani ya maji.