Nyumba Yangu na Ruhusa ya Ulaya

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walifuata misafara hadi Tabora wakarudi na visa. Mimi nilivuka mto mara moja kwenda Alunguli nikarudi na homa. Mke wangu alipenda kuwaambia wageni, "Huyu njo mulinzi wa mukeka." Sasa fikiri mtu wa namna hiyo akinyang'anywa nyumba.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Wazungu na Waarabu, Wazungu wamekwisha kuweka posti yao, kituo cha serikali, hapa Kindu. Mkubwa wa posti alipita mtaani kwetu akitazama milango. Alitaka nyumba yenye mlango upande wa magharibi na chumba kirefu cha ndani kisicho na dirisha. Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Mimi, mjinga, nikadhani ananisifu. Nikamtembeza kila pembe. Kesho yake askari wakatupa vitanda vyetu uani.

Akanieleza kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko tusi. Yeye na wenzake wachache walikuwa framasoni, maana yake waashi, chama cha siri cha zamani huko kwao. Wanakutana chumba kimefungwa, mkubwa wao ameketi mashariki linakotoka jua. Chumba changu kitakuwa loji yao. Wakachora sakafu miraba, mmoja wa makaa, mmoja wa chokaa. Waashi! Hata mmoja wao sikumwona ameshika tope.

"Mutakaa mpaka lini, bwana?" nikamuuliza.

"Bado hatuyaanza. Loji haifunguke bila ruhusa ya wakubwa wa chama. Wakubwa iko Ulaya."

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba inangoja ruhusa."

Wakatia kufuli, wakaenda zao. Sisi tukahamia kibanda cha jikoni pamoja na kuku. Mpunga ukavunwa, ukapandwa tena, ukavunwa. Kile chumba kitupu! Wangekuwa wanakula mle, wanalewa mle, ningesema basi, nyumba inafanya kazi. Lakini mimi nilowe mvua kwa ajili ya kikao ambacho hakijakaliwa?

Ndipo binti yangu akaposwa na watu wa Kailo. Kwetu sisi tuliofuata desturi za pwani, bwana harusi humwendea mke nyumbani kwa baba yake, na fungate hukaliwa katika chumba cha ndani. Shangazi wa mume alikuja, akachungulia kibanda chetu, akafunika pua.

"Kaka, mutoto wetu ataolea jikoni? Kama hauna ndani, sema. Mabinti wako wengi."

Binti yangu alikuwa nyuma ya ukuta wa makuti. Alisikia yote.

Nikaenda posti. Nilisoma chuo cha Kurani, nina elimu ya kutosha kubishana, isiyotosha kushinda. Mkubwa akaniambia jibu limekuja: wamekataliwa. Ni wachache mno, na wawili kati yao wamekufa kwa homa. Mungu anisamehe, nilikaribia kucheza.

"Basi nipe ufunguo, bwana."

"Siwezi. Kufunga loji nayo inataka ruhusa."

"Loji haikufunguliwa!"

"Njo maana siwezi kuifunga. Nitawauliza tena."

Nilitoka nasema peke yangu njiani. Mtu ameketi Ulaya, hajui Kindu iko upande gani wa mto, na ndiye mwenye kauli juu ya kitanda cha binti yangu! Wakubwa wetu wa zamani, Waarabu, nao waliamrishwa kutoka Unguja, wala sikuwapenda, lakini hata wao hawakupeleka mlango wangu ng'ambo kuombewa idhini.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Akaendelea kupepeta mchele.

"Baba, wewe na elimu yako. Kufuli iko wapi?"

"Mlangoni."

"Na ukuta ni ya nani?"

Nikachukua jembe. Nilibomoa ukuta wa mashariki, pale pale ambapo kingewekwa kiti cha mkubwa wao, mpaka kitanda kikapita. Wanawake wakaingia na maji, wakasugua miraba, wakapiga vigelegele. Binti akaolewa ndani.

Mkubwa akaja mbio. Akaiona kufuli yake nzima mlangoni, na nyuma ya nyumba tundu linalopitisha ng'ombe. Hakujua kama kosa ni la chama au la serikali; akasema atauliza Ulaya, na mpaka jibu lirudi asiguswe mtu wala kitu chumbani. Kwa kunichapa viboko, hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Mke wangu alinipaka mafuta mgongoni, nimelala kifudifudi kule jikoni.

"Leo mulinzi hata kukaa juu ya mukeka hawezi," akasema.

Nilitaka kucheka. Hasira haikuniachia nafasi. Ng'ambo ya ua walikuwa wanamwimbia binti yangu, nami nikawaambia wapaze sauti, wafike mpaka posti.