Glavu ya Kutafsiri Ishara, na Mdomo Wangu

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaa wetu wa Mjambere: siku ya wazazi, glavu ya klabu yetu ya sayansi, ya kugeuza lugha ya ishara kuwa sauti, haikutafsiri ishara hata moja. Waya zilikuwa zimekatika asubuhi. Mimi, bingwa wa mizaha kidato cha tatu, nikasema tusiaibike. Rafiki yangu Baya akajificha nyuma ya pazia na spika. Nikavaa glavu, nikapunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki, naye akabonyeza sauti tuliyorekodi: "Mimi naitwa Chengo. Karibuni nyote shuleni."

Makofi! Nikainama kama bwana harusi.

Ndipo Mbeyu, mwenzangu darasani, akaja na mamake. Mama ni kiziwi, na kila akija shuleni Mbeyu ndiye humsemea kwa walimu.

"Chengo, mama anataka kuivaa. Leo atasema na mwalimu mkuu bila mimi. Ameniambia hata nitoke nje."

Hapo ningepaswa kusema ukweli. Wallahi, nikamvisha mama glavu, Mbeyu akatoka nje.

Mama akaiendea meza ya mwalimu mkuu, akaongea kwa mikono taratibu, machozi yakimlengalenga. Alipomaliza, Baya akabonyeza: "Mimi naitwa Chengo. Karibuni nyote shuleni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama hakusikia kitu. Aliona tu meno ya watu, akatabasamu kidogo, akaendelea kumtazama mwalimu mkuu, akingoja jibu.

Mwalimu mkuu hakucheka.

"Haya, Chengo," akasema. "Mama ameniambia nini?"