Bibi Asiyetaka Kusumbua Majirani

Asubuhi hii ukungu umelala juu ya mtaa kama shuka lililosahauliwa kitandani, na mapaa ya mabati yanaonekana nusunusu. Ndani ya ukungu huo mwanamke anapita taratibu, kapu kiunoni, viatu vyake vya mpira vikilia kwa kila hatua. Wazee humtambua kwa mlio huo kabla hajabisha hodi.

Wanamwita Mama Filimbi. Ni mhudumu wa afya wa mtaa, na msimu huu kazi yake ni kuwaandaa wazee waishio kando ya mto kabla mvua kubwa hazijaanza. Humtundikia kila mmoja mfuko nyuma ya mlango: dawa, miwani ya akiba, tochi, nguo kavu, na namba ya simu ya mtoto wake kwa tarakimu kubwa kubwa. Kisha humvisha filimbi shingoni.

“Maji yakiingia usihangaike kupiga kelele, koo litakauka,” huwaambia. “Puliza hii. Hata asiyekupenda ataamka.”

Posho anayopata inaishia kwenye nauli na sabuni. Riziki yake hasa ni cherehani, na mifuko hiyo huishona mwenyewe kwa vitambaa vinavyobaki.

Nyumba ya mwisho asubuhi hii ni ya Bibi Dobi, aliyefua na kunyoosha nguo za watu maisha yake yote. Chumba chake bado kinanukia pasi ya moto. Pazia jeupe linavimba na kunywea dirishani kama linapumua. Ukutani kuna mstari wa tope wa mafuriko ya mwaka jana.

Siku ile filimbi alikuwa nayo. Maji yalipoingia alipanda mezani, akakunja miguu, akatazama viatu vyake vikielea polepole, kimoja kikienda mlangoni, kingine kikirudi, kama watu wanaopishana sokoni. Hakupuliza. Vijana walipomfikia alikuwa amekufa ganzi miguu yote miwili, na filimbi i kavu ndani ya blauzi. Akawaeleza kwamba jirani ana mtoto mchanga, na mtoto ndiyo kwanza alikuwa amelala.

“Nikaona kumbe kupuliza wanajua,” anasema Mama Filimbi. “Kinachowashinda ni haya. Mtu amelea ukoo mzima, hajawahi kuomba hata chumvi.”

Tangu hapo akaanzisha mtindo wake. Wazee wanapuliza kwa vitu vidogo: uzi umegoma kuingia kwenye sindano, ndoo haiinuki. Majirani nao amewapa filimbi; anayesikia hujibu kwa yake, kisha huenda. Mtaa mzima umeshazoea, isipokuwa Bibi Dobi. Na redio imesema mvua zimekaribia.

“Leo puliza, mama,” Mama Filimbi anambembeleza.

“Nipulize nini, mwanangu? Mimi refa?”

Anaulizwa ana shida gani. Hana. Ila komeo la dirisha limekwama tangu juzi, lakini hilo nalo ni la kuitia watu?

“Ndilo hilo hilo.”

Bibi anaifuta filimbi kwa upindo wa nguo.

“Na nikipuliza asije mtu?” anauliza, sauti imeshuka.

Mama Filimbi anamshika mkono.

Basi bibi anapuliza. Mlio unatoka mwembamba, kama wa kifaranga. Halafu nyuma ya ukuta filimbi inajibu, na nyingine mbali zaidi, na nyingine, mpaka sauti zinayeyuka kwenye ukungu. Jirani anaingia na povu mikononi, mtoto mgongoni.

“Kulikoni, bibi?”

“Dirisha,” anasema Bibi Dobi, macho chini. “Dirisha tu.”

“Afadhali. Nilidhani umetususa moja kwa moja.”

Mama Filimbi sasa anawaza kilima. Shule ya kukimbilia maji yakijaa iko juu, na magoti ya wazee hayaupendi mwinuko ule. Anawaambia anapanga kuiomba kila nyumba ya njiani itoe kiti nje mvua zikianza. Tayari anaviona: viti vimepangana milangoni, wazee wakikaa, wakipiga soga, wakinyanyuka tena, taratibu, mpaka juu.

Komeo limeachia kwa pigo la jirani, na Bibi Dobi analifungua na kulifunga dirisha lake. Anauliza kiti chake kitakuwa nje ya nyumba ya nani, ili aanze kuwazoea.