Ngozi ya Kumsindikiza Baba

Baba alipofariki, baba mdogo alitaka kuvaa ngozi ya mbega kwenye tero buru, siku ya kukifukuza kifo kwa ng'ombe na nyimbo. Nilienda kuitafuta sokoni Rodi Kopany.

“Dada, mbega analindwa na serikali, hiyo tutafungwa sote,” muuzaji wa ngozi alicheka. “Chukua ya mbuzi. Nimeichana manyoya vizuri.”

Niliichukua nikiogopa kumwaibisha marehemu, na nyumbani nikasema ukweli. Baba mdogo akainusa.

“Ndugu yangu alikula mbuzi wangapi? Mbega hakuonja hata mmoja.”

Akaivaa, akakimbia na mkuki mbele ya ng'ombe. Beberu wetu akamfuata mbio akilia kwa mapenzi. Waombolezaji wakashika mbavu. Mama, ambaye hakuwa amekula tangu msiba, alicheka, kisha akaniomba uji.