Nilivyoagana na Hooyo wa Garissa huku mwanawe wa kumzaa akiwa ng'ambo ya mto

Wakuu, heshima kwenu wote. Haya ninayoleta yalinikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza. Mnivumilie nikiandika taratibu, nina miaka themanini na ushee na vidole vyangu havielewani na hizi simu.

Juzi humu mtu kauliza, eti kwa nini vijana wanaotoka exchange nje wanalia airport kama wamefiwa. Nikacheka peke yangu. Yalinipata, tena bila ndege.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa chuo cha mifugo, Tanganyika. Mimi Mpare, mtoto wa mlimani, nilichojua ni ng'ombe wa zizini na migomba.

Chuo kikapatana na wenzao wa Kenya wabadilishane wanafunzi. Mimi nikapelekwa Garissa, na kijana wa Garissa aitwaye Abdi akaja kwetu. Yeye alilala kitandani kwangu Upareni, mimi nikalala kwenye mkeka wake. Hatukuwahi kuonana.

Mama yake Abdi alikuwa mjane, muuza maziwa ya ngamia sokoni. Pale nyumbani wote walimwita Hooyo, yaani mama, nami nikafuata. Jina langu Elieza lilimshinda, akaniita Eliyasi.

Wakuu, yule mama alinilea.

Wiki ya kwanza joto liliniangusha, akakaa kando yangu ananipepea na kuninywesha chai kwa kijiko. Nilipoanza kwenda malishoni kuchanja mifugo, nikichelewa alikuwa hali mpaka nirudi. Halafu ananigombeza kwa Kisomali, mwanzo mwisho. Hapo nikajua mimi si mgeni tena.

(Ngamia nao wana dharau, nyie. Wa kwanza kumshika alinitemea usoni, kijiji kizima kikacheka.)

Siku ya kuondoka ikafika. Hooyo akanifungia nyirinyiri, ile nyama ya kukaanga inayohifadhiwa kwenye samli. Tukaagana. Watu wakalia, nikalia.

Kufika mtoni, Tana imefurika. Kivuko kimesimamishwa.

Tukarudi wote nyumbani, macho mekundu, tukala ile nyama ya safari. Aibu gani hiyo!

Kesho yake tukaenda tena. Ng'ambo ya pili kulikuwa na lori limekwama, na kijana mwembamba kasimama juu yake anapunga shuka.

Hooyo akashika kifua. "Abdi!"

Mwanawe ndiyo kwanza anarudi, na mto uko katikati.

Abdi akapiga kelele za salamu kwa mama yake. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu kabisa: "We Elieza! Mama wa Upareni anauliza umekonda?"

Nikamjibu kwa Kisomali changu kibovu kwamba sijakonda. Ng'ambo zote mbili zikacheka.

Ikawa ndiyo kazi yetu kila asubuhi, kwenda kutazama maji. Siku moja nikamuuliza, "Hooyo, unaomba yapungue?"

Akasema, kwa Kiswahili chake kinachogeuza p kuwa b, "Naomba, halafu naacha. Yakibungua, moja anakuja, moja anaenda."



Yakapungua kweli. Kivuko kikamleta Abdi, na hicho hicho ndicho kilichonisubiri mimi. Tulikutana pale matopeni kwa muda wa kushusha mizigo tu. Tukakumbatiana kama tumezaliwa pamoja.

Akaninong'oneza, "Mama yako akiimba jikoni anapenda kuitikiwa. Usimwache aimbe peke yake."

Nami nikamwambia, "Wako goti linamsumbua, ila hasemi. Maji mchotee wewe."

Fikirieni hilo, wakuu. Kila mmoja anamfundisha mwenzake habari za mama yake mwenyewe.

Hooyo alimshika Abdi kwa mkono mmoja, wa pili umekamata shati langu. Mwenye kivuko anafoka twende. Abdi ndiye aliyembandua vidole kwenye shati, taratibu, huku naye analia.

"Enda, hooyo," yule mama akaniambia. "Mama yako anangoja."

Kwa Wasomali, mama naye humwita mwanawe hooyo. Kabla ya siku ile hakuwahi kuniita hivyo hata mara moja. Nilivuka nikiwa nimewapa mgongo, sikuthubutu kugeuka.

Malori, treni, hatimaye Upareni. Mama akanikumbatia, akanipapasa uso, akanipakulia. Halafu nikamwona anachungulia mlangoni.

"Na mwenzako?"

"Mama, Abdi amerudi kwao."

"Kwao wapi tena?"

Akakaa kwenye kigoda, akalia. Nikakaa naye chini, tukalia wote wawili, kila mtu na wake.

Nilichojifunza ni kwamba ukimtuma mwanao akaishi kwa watu, harudi mzima, kuna kipande kinabaki kule. Na wewe unabaki na pengo la mtoto ambaye hukumzaa. Kwa hiyo hao vijana wa airport msiwacheke.

Wale mama wawili walishatangulia mbele ya haki, hawakuwahi kuonana. Abdi yupo, anaishi Galbet, hapo hapo Garissa, tunapigiana simu. Kabla hata sijamjulia hali huwa ananiuliza, "Kaburi la mama umelipalilia?"

Haya, nani mwingine humu ana mama ambaye hakumzaa? Shusheni na nyie. Comments zote nitasoma, ila polepole.